Zamu za Profesa Mteremko

2 Juni

Leo nimehamia kwenye chumba cha masanduku. Dada amesema nilale humo humo ili nizizoee karatasi za marehemu mumewe, utadhani ni watoto wa kambo. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, hasomi tena hata jina lake. Chuo kimeahidi kuleta lori mwishoni mwa kiangazi, lichukue kila kilichoandikwa na Profesa kikahifadhiwe huko kwenye baridi. Kabla ya hapo zinatakiwa zipangwe. Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na kusoma nilijifundisha kwa magazeti niliyofungia nguo za wateja, ndiyo maana hadithi nyingi nazijua katikati tu. Lakini nasoma mwandiko wa mtu yeyote, hata wa daktari, na ukoo mzima unaamini sina domo. Kwamba nina kalamu hakuna aliyeuliza.

Marehemu alikuwa profesa wa umwagiliaji. Mifereji ya bonde hili lote aliichora yeye, na nyumba hii aliijenga juu ya mfereji mkuu ili aulinde kwa macho. Watu walimwita Mteremko. Mwanafunzi akifungua mdomo tu aliulizwa, "Mteremko wake kiasi gani?" na asiyejua alichapwa na ile fimbo ndefu yenye mistari ya kupimia ardhi. Mimi mwenyewe alinizaba kofi siku niliyofungia mkate kwenye mchoro wake. Kwa hiyo kazi hii naianza nikiwa na macho makavu.

3 Juni

Vumbi. Nimepiga chafya mpaka Dada akauliza nani anabisha hodi.

6 Juni

Ni masanduku ya bati, kijani, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe kila ubavu. Nimeanza na ya zamani. Kuna picha ya kijana mwembamba kando ya pampu, amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imeishia njiani. Kuna hesabu za maji, ukurasa baada ya ukurasa, bila hata neno moja la kumpumzisha mtu. Halafu barua. Nilidhani wasomi wakigombana hutumia maneno makubwa. Hutumia ngumi. Mwenzake wa chuo kingine alimwandikia hivi: "Hoja zako juu ya kasi ya maji kwenye mfereji wa udongo nimezipokea. Jino langu nalo nimelipokea, mhudumu wa ukumbi aliliokota chini ya meza." Nakala ya jibu la Shemeji ina mstari mmoja: "Hesabu yako bado ina makosa."

Nikamsomea Dada. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Na hakukosea," akasema. "Yule bwana alikuja kukubali. Alikubali kwa tabu, maana midomo ilikuwa imevimba."

9 Juni

Mwanangu amekuja kula mchana. Amezaliwa na Dada, lakini mama mdogo naye ni mama, na sare zake zote za shule nilishona mimi. Sasa ndiye injinia wa bonde. Amekalia kiti cha baba yake, ila fimbo hakurithi. Hapendi ugomvi, ndiyo maana amekonda.

Niandike hapa mambo yalivyo, maana mwaka huu yananuka. Chini ya nyumba yetu mfereji mkuu unagawanyika mara mbili. Pale tunapaita Panda. Mkono mmoja unakwenda kwa watu wa Juu, hapo karibu, vitunguu vyao unaweza kuvitemea mate ukiwa barazani. Mkono wa pili unakwenda kwa watu wa Chini, mbali, mpaka maji yenyewe yanasahau yalikotoka. Hayatoshi kwenda kote kwa pamoja, basi Profesa aliweka zamu. Jua likichomoza, lango la Chini linafunguliwa. Jua likizama, linafungwa na la Juu linafunguliwa. Mchana wa hawa, usiku wa wale. Nusu kwa nusu.

"Nusu gani, Mama mdogo?" mwanangu akaniambia huku anatafuna. "Maji yakiingia mfereji wa Chini asubuhi yanakuta udongo umepasuka. Udongo unakunywa kwanza. Yanafika mkiani saa jua linachemsha mawe. Yakianza kuwa maji ya maana, lango linafungwa. Kesho udongo umeshakauka, unaanza kunywa upya. Baba aligawa muda wa lango. Maji ya shambani hakuyagawa."

"Mbona miaka yote watu wamelima?"

"Mto ulikuwa na tumbo. Sasa umebaki mbavu."

Anataka watu wa Chini wapewe siku kadhaa mfululizo, mchana na usiku, udongo ulowe mpaka mkiani. Kisha wa Juu nao wapewe zao mfululizo. Mimi nikaona ni jambo la akili. Dada, aliyekuwa akitafuta chumvi kwa vidole, akasema, "Kula, chakula kinapoa."

10 Juni

Mlinzi wa malango amepanda kuja kuomba chai. Tunamwita Funguo kwa sababu funguo za malango yote mawili anazivaa shingoni, hata akioga. Mke wake husema ameolewa na kufuli.

"Fundi," akaniambia, "nishonee shati lenye mgongo wa chuma."

"Nani anakupiga?"

"Bado. Wanapima kwanza."

17 Juni

Vijana wawili wa Chini wamekamatwa alfajiri wakifukua lango kwa chini. Watu wa Juu waliwafunga kwa waya na kuwaburuta juu ya changarawe mpaka magoti yakabaki nyama. Mmoja amekatwa sikio kwa mundu. Sikio lenyewe lilitundikwa kwenye usukani wa lango, na Funguo ndiye aliyelitoa, akalifunga kwenye leso, akaenda nalo kwa mwenyewe. "Nimfanyeje?" akasema. "Si langu."

18 Juni

Nimeshona sketi. Hakuna upepo.

24 Juni

Leo mwanangu amemwomba mama yake waziwazi.

Anamwomba yeye, si kamati ya maji, na kuna sababu. Siku ya mazishi ya Profesa kamati nzima, ya Juu na ya Chini, ilisimama mbele ya jeneza ikaapa kwamba zamu zake hazitabadilishwa mjane wake akiwa hai, isipokuwa aseme yeye. Wakati ule nilidhani ni maneno ya kufutia machozi. Kumbe kiapo kilichukuliwa kama kilivyo, na bonde zima sasa linaning'inia kwenye ulimi wa bibi mmoja asiyeona kikombe chake.

"Mama, sema neno moja tu," akamwambia. "Nitalifanyia kazi mimi."

"Baba yako alifanya kazi miaka thelathini usije wewe ukaibomoa kwa neno moja."

"Watu wanakatwa masikio!"

"Wakibadilishiwa zamu watakatwa shingo."

Dada akainuka, akajigonga kwenye mlango wa kabati, akaondoka bila kusema ameumia. Mimi nilimwona bibi mwenye majivuno, anayekalia jina la mumewe kama kuku kwenye mayai yaliyooza. Naandika nilivyomwona.

1 Julai

Mwenyekiti wa Juu ametutembelea. Huvaa koti la sufi kiangazi, ili watu wajue yeye hatoki jasho. Akamshika Dada mikono miwili.

"Mama Profesa, watoto wa siku hizi wamesoma sana, wamepitiliza. Wewe ndiye ukuta wetu."

"Ukuta hauombwi, Mwenyekiti. Unaegemewa tu. Ondoa mikono."

Nikacheka, nikajifanya nakohoa vumbi.

8 Julai

Joto. Mbwa wa jirani amelala ndani ya karai.

13 Julai

Leo nimefika kwenye sanduku la ujenzi. Shemeji anawaandikia wakubwa: nyumba zilizo kwenye mstari wa mfereji zibomolewe, wenyewe wameshaambiwa. Kuna picha. Katapila limepanda juu ya ukuta, na mwanamke amekumbatia mguu wa dereva. Nyuma ya picha Shemeji ameandika kwa penseli urefu wa mstari ule, na hakuna lingine. Nikamsomea Dada barua, nikaruka hapo.

"Umeruka."

"Sijaruka, Dada."

"Umevuta pumzi pasipo na nukta. Soma."

Nikasoma. Nikamweleza na picha.

"Yule dereva alipigwa jiwe la kichwa baada ya hapo, akashuka akakataa kazi," Dada akasema. "Shemeji yako akapanda mwenyewe, akaendesha. Mwanamke yule alivunjika nyonga. Nilimfunga mimi kwa kanga yangu. Unadhani nilikuwa jikoni?"

"Alikuwa mnyama, basi."

"Alikuwa mnyama. Sasa nikuambie wewe unayejua kusoma." Akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vina nguvu bado. "Kabla ya zamu, mwaka wa ukame, tuliteremka asubuhi pale Panda tukakuta watu mtaroni. Wamelaliana kama magunia yaliyoanguka kwenye mkokoteni. Hujui nani wa Juu nani wa Chini, matope yana rangi moja. Mwingine bado alikuwa na jembe la mwenzake kifuani, na mpini unapanda na kushuka, maana alikuwa bado anapumua. Shemeji yako alirudi hapa hakula. Alikaa, akachora zamu. Nikamuuliza kwa nini jua, si saa? Akasema saa ina mwenyewe. Jua kila mtu analiona, hata mlevi, hata mwizi. Tangu siku ile hakuna aliyekufa Panda. Halafu mwanao anataka kuniletea hesabu."

Usiku huu silali vizuri. Naona mpini ukipanda na kushuka.

22 Julai

Baridi ya ghafla asubuhi. Nimefua.

23 Julai

Wamepigana tena, mawe tu. Meno matatu na dirisha la duka.

30 Julai

Leo naandika vibaya, mtakaosoma mtavumilia.

Ilikuwa ukungu. Nilipofungua mlango wa baraza sikuona hata ngazi. Nilisikia watu Panda, wengi kuliko kawaida. Kila alfajiri watu wa Chini huja kusimamia lango lao lifunguliwe, na watu wa Juu huja kusimamia lisifunguliwe mapema. Wakishaliona jua wanatukanana kidogo, Funguo anazungusha usukani, wanakwenda zao. Leo jua halikuonekana.

"Fungua, kumekucha!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama wa Mkiani. Shamba lake ndilo la mwisho kabisa kwenye mfereji wa Chini, na sauti yake imezoea kusafiri.

"Kumekucha wapi? Jua liko wapi?" Mwenyekiti.

"Nyuma ya ukungu, mpumbavu wewe, lingekuwa wapi?"

"Zamu inasema jua. Haisemi mwanga. Liko wapi? Nionyeshe kwa kidole!"

Nikashuka ngazi kwa kupapasa, nikapita kando ya tuta. Miguu ya watu naiona, vichwa sioni. Nikamsikia Funguo katikati yao, karibu anacheka kwa woga:

"Jamani, mimi ni mlinzi wa lango, si mlinzi wa jua! Subirini litokee, kila mtu aone."

"Mpaka saa ngapi? Mkiani vitunguu vinakufa!"

"Usimguse! Akifungua tunamkata mkono!"

"Asipofungua tunamkata huo mwingine!"

Mtu akavuta mkufu wa funguo. Nikamsikia Funguo akikabwa, zile funguo zikigongana. Halafu sauti moja, nzito na yenye maji, kama unapolipasua boga ubaoni. Halafu ya pili. Kisha mfereji ukasikika.

Sikumbuki nilipiga kelele au la. Ukungu ulipopanda, jua lilikuwa limeshapita kilima, kubwa na la manjano, na kila mtu aliliona. Funguo alikuwa amelala juu ya usukani wa lango la Chini, kichwa kimefunguka juu ya jicho, mkono mmoja umeng'ang'ania mkufu wake. Kijana wa mwisho wa Mama wa Mkiani amesimama pembeni na jembe, hakimbii, anatazama jembe kana kwamba amekabidhiwa na mtu. Watu wa Juu wakamrukia. Walimpiga kwa mipini na viatu mpaka taya likahamia upande mmoja. Mama yake alijilaza juu yake, wakampiga naye, na mbavu zake nilizisikia. Polisi walipofika walimtoa kijana chini ya mama yake kama mtu anayetoa shuka kwenye kitanda.

Nilimfunika Funguo kwa kitambaa cha sare nilichokuwa nimekikata jana. Hakikutosha miguuni.

Nikarudi kumweleza Dada. Alikuwa amekaa barazani, uso umeelekea Panda. Nilimweleza yote. Aliuliza jambo moja tu:

"Hawakuliona?"

"Hawakuliona, Dada."

2 Agosti

Tumemzika Funguo. Mjane wake ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kufulia. Hakulia mpaka mwisho. Mwenyekiti alianza kuhutubia, eti marehemu amekufa akilinda haki ya Juu. Ndugu mmoja wa Chini akamrushia koleo la udongo mdomoni. Basi makoleo yakaacha kufukia yakaanza kupiga. Mtu mmoja alitumbukia kaburini akavunjika mguu, ikabidi atolewe juu ya jeneza. Mjane akachukua koleo lililoanguka akawachapa wote, wa Juu na wa Chini, migongoni, bila kuchagua, mpaka wakatoka makaburini. Kisha akafukia mwenyewe. Mimi na Dada tukamsaidia kwa mikono.

6 Agosti

Watu wa Juu wamechoma nyumba ya Mama wa Mkiani, na mbegu zake ndani. Watu wa Chini wamejibu kwa mawe juu ya bati letu. Wanasema mjane wa Profesa ndiye kizuizi. Jiwe moja limepenya likaangukia sanduku la hesabu. Dada akauliza limeharibu nini. Nikamwambia, "Limeharibu bati, Dada. Hesabu ziko palepale."

"Hilo ndilo tatizo la hesabu hizo," akasema. Sikumwelewa.

11 Agosti

Mwanangu amekuja na jicho limevimba. Mwenyekiti alimpiga ngumi mbele ya wafanyakazi wake.

"Siku moja ya ukungu," Dada akasema kabla hajaulizwa. "Miaka yote hiyo, siku moja."

"Na mtu mmoja, Mama. Unataka niseme hivyo kwa mjane wake? Miaka yote hiyo, mtu mmoja?"

"Usinipandishie sauti."

"Baba amekufa! Unazikumbatia karatasi hizi kama..." Akalipiga teke sanduku, bati likabonyea. Dada alimfuata kwa sauti tu, akamzaba kibao kilichotua sawasawa, macho au bila macho. Mwanangu akasimama, shavu limewiva, machozi yanamtoka mtu mzima.

"Nipige tena," akasema. "Ila useme."

Hakumpiga. Hakusema. Alipoondoka, Dada alikaa akilipapasa lile sanduku mahali lilipobonyea, akijaribu kulinyoosha kwa kidole gumba.

19 Agosti

Barua ya Chuo. Lori linakuja tarehe tatu mwezi ujao, pamoja na mtunza nyaraka mwenyewe. Wanasema vitu vishikwe kwa uangalifu. Nimeisoma mara mbili kwa furaha yangu binafsi.

25 Agosti

Kimya. Nimezidi kuogopa.

28 Agosti

Leo mchana kweupe. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, Dada akainua kichwa.

"Sauti ya maji imebadilika."

Mimi sikusikia kitu. Nikasimama barazani nikaona. Watu wa Chini, wanaume kwa wanawake, wamepanga mstari kwenye tuta la mfereji mkuu, wanalikata kwa majembe. Mbele yao Mama wa Mkiani, mbavu amezifunga kwa kitambaa. Hawajifichi tena. Walitaka maji yaingie kwenye mfereji wao bila lango na bila jua. Lakini pale tuta ni mchanga mtupu. Pengo la upana wa mtu likawa la mlango, la mlango likawa la gari, na maji yakauacha mfereji wa Juu, yakauacha wa Chini, yakapiga kona kushoto kwenda korongoni, kwenye vichaka, ambako hakuna mtu aliyewahi kupanda kitu. Kiangazi chote kinakwenda korongoni mbele ya macho yangu, na kinatoa povu.

Watu wa Juu wakaja mbio na mapanga. Nikamweleza Dada kadiri ninavyoona: mmoja amekatwa bega, mmoja anaelea, yule anang'atwa mkono, wanapigana ukingoni na ukingo unakatika chini yao. Wanaume wa kutosha kuziba mapengo kumi, na kila mmoja ana kazi ya kumuua mwenzake.

"Na mwanangu?"

Nilimwona wakati huo huo. Yuko ndani ya pengo, maji kifuani, amesimamisha nguzo na kuiegemea kwa mgongo, anapiga kelele aletewe udongo, magunia, mawe, chochote. Walimtupia mawe. Hawakuwa wanaziba, walikuwa wanamlenga. Mwingine alimpiga mpini kichwani kutoka juu, akazama, akaibuka, akaishika nguzo tena.

"Yuko majini, Dada. Wanampiga."

Akasimama. Kila sekunde nilidhani atalia.

"Mwite yule jirani mfyatua matofali, aje na mkokoteni. Toa masanduku."

"Masanduku gani?"

"Mangapi unayajua? Toa!"

Karatasi ni nzito kuliko mawe, nawaambia. Tulishuka na mkokoteni, mfyatua matofali anavuta, mimi nasukuma, Dada ameshika ubao wa nyuma anatembea na upofu wake kama anakwenda sokoni. Watu waliliona jina lile jeupe kwenye kijani wakapisha. Walipisha bila kufikiri, mapanga juu. Mwenyekiti ndiye wa kwanza kupata akili.

"Mama Profesa! Hizo ndizo zamu zetu! Huko ndani kuna sahihi yake!"

Akalishika sanduku. Dada alimpiga kwa mkongojo mkononi, halafu shingoni, halafu alipoinama, mgongoni, mpaka koti la sufi likatoa vumbi. Akalisukuma sanduku la kwanza mwenyewe. Lilizama, likabiringika, likakwama kwenye nguzo. Nilimsikia mwanangu akipiga ukelele. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilipondwa na hesabu za baba yake.

"Jingine!" Dada akasema.

Barua za ngumi zikaingia. Picha za katapila zikaingia. Ujana wa suti ya kuazima ukaingia. Maji yakapungua kasi kidogo, kama mtu anayesita mlangoni. Dada akawageukia, hajui wapi ni Juu wapi ni Chini, akazungumza na watu wote kwa pamoja:

"Mliniapia mimi. Basi nasema: zamu zile zimekwisha! Mnasikia? Zimekwisha leo. Mpya mtaziuliza kwa huyo aliye majini, kama mtamwacha mzima. Sasa leteni udongo, mbwa nyinyi!"

Hakuna aliyetikisika. Halafu Mama wa Mkiani, akiwa ameshika mbavu, akateleza kwenye pengo, akakiweka kiuno chake nyuma ya sanduku kando ya mwanangu, akasukuma. Alimtukana Mwenyekiti tusi refu, lenye mama zake wote, akamwambia ateremke. Mwenyekiti alivua koti. Ni mara ya kwanza kuona mikono yake mpaka mabegani. Akateremka.

Tuliziba mpaka jua likakaribia kilima. Hakuna aliyelitazama.

29 Agosti

Wawili wamekufa, mmoja wa Juu na mmoja wa Chini. Daktari amemkata mwanangu vidole. Dada alimlisha uji kwa kijiko, akikosea mdomo mara nyingi. Mwanangu hakulalamika.

3 Septemba

Lori limefika na rafu tupu na mtunza nyaraka mwenye glavu nyeupe. Dada alimpokea vizuri, akampa kiti, akamweleza. Bwana yule akafikiri bibi amezeeka. Nikampeleka Panda.

Tuta limeshonwa vizuri, nasema kama fundi. Kona moja tu ya kijani imechomoza na herufi mbili za jina. Mfereji wa Chini umejaa kwa siku nne sasa, mchana na usiku, na jana maji yalifika mkiani yakiwa bado na nguvu. Watu wa Juu wanasubiri zamu yao kwa uso uliokunjwa. Wanasubiri, lakini.

Mtunza nyaraka aliona ile kona akapiga magoti. Akaanza kuchimba kwa glavu zake.

"Toa mkono," akasema Mama wa Mkiani, jembe begani.

"Mama, haya ni maisha mazima ya kazi! Kuna vitabu humu havijachapwa! Sanduku moja tu, la juu, bado linaweza kukauka..." Akakamata mshikio wa sanduku akavuta. Udongo ukamwagika kidogo.

Mwenyekiti akaja kwa nyuma. Alimshika ukosi akamwinua, na mtu wa Chini akamshika miguu, na nilidhani kwa kweli watamtupa korongoni, maana walishamrusha mara moja ili wapate uzito wake. Mwanangu ndiye aliyewakataza, mkono wake mmoja umefungwa bandeji nene kama mtoto mchanga. Wakamteremsha. Alikuwa analia, si kwa woga. Nilimwonea huruma, kwa sababu mimi nilizisoma zile karatasi na yeye hatazisoma.

Mchana lori likageuza kurudi mjini. Mama wa Mkiani akamwomba dereva nafasi. Kesi ya kijana wake inaanza kesho, na anampelekea nguo, maana alikamatwa na zile zenye damu. Dereva akakubali, rafu ni tupu. Akapanda nyuma, akakaa sakafuni. Kabla hawajaondoka, mjane wa Funguo akatokea kwenye njia, amevaa viatu. Ameitwa yeye pia mahakamani, kutoa ushahidi. Gari jingine halipo mpaka kesho kutwa.

Akasimama chini ya bodi. Mama wa Mkiani akamnyooshea mkono.

Mjane aliutazama mkono ule muda mrefu. Akatema mate pembeni. Halafu akaushika, kwa sababu lori lilikuwa refu kwenda juu.